Eka za Waliovaa Sare

Kutoka kaunti yetu hadi makaburi ya serikali ya wanajeshi wa zamani yaliyo karibu zaidi ni zaidi ya saa tatu kwa gari, na hapo barabara iwe haina theluji. Idara ya Maveterani ya Marekani ina kipimo chake: mwanajeshi wa zamani huhesabiwa kuwa amefikiwa na huduma ya mazishi akiwa anaishi ndani ya maili 75, kama kilomita 120, kutoka makaburi yenye nafasi. Sisi tuko nje ya duara hilo. Tuko nje pamoja na kaunti jirani, mashamba yao ya mahindi na soya, viwanda vyao vya nyama, na wazee wengi waliopelekwa Vietnam wakiwa vijana na sasa wamepita miaka sabini.

Kwa hiyo mtu akisema jimbo letu halina haja ya kufungua makaburi mapya kwa ajili ya hao wazee, huwa naomba aje akae na mjane mmoja jioni moja. Mumewe amezikwa mbali kiasi kwamba hawezi kumpelekea maua na kurudi kabla ya giza, na yeye usiku haendeshi tena kwa sababu ya macho. Hilo ndilo jambo langu lote. Kaburi ni la aliyekufa, lakini mahali lilipo ni suala la walio hai.

Jimbo lenyewe silitaji. Mazungumzo ya ardhi ya makaburi hayo mapya hayajaisha na mwenye shamba hajatia sahihi, na sitaki andiko langu limtie presha mtu ambaye mpaka sasa ametutendea wema mtupu.

Wasomaji wengi wa hapa ni ndugu zangu wa Afrika Mashariki, na najua wengine wanajiuliza mimi na makaburi ya jeshi la Marekani ni wapi na wapi. Nilizaliwa Kenya, nikaja huku kusoma, nikajiunga na jeshi la nchi kavu kupitia mpango ulioitwa MAVNI, ulioanza kuandikisha mwaka 2009. Ulichukua wageni wenye viza halali waliokuwa na taaluma ya tiba au lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Tangu 2016 haupokei watu wapya, ila tuliopita mlango huo tuko wengi kuliko watu wanavyodhani. Niliendesha malori ya mizigo. Nilipotoka nilipewa hati ya DD-214, ile karatasi ambayo huku inafungua au kufunga karibu kila mlango wa haki za mwanajeshi wa zamani, pamoja na mlango wa mwisho kabisa.

Siku hizi niko kwenye kikosi cha kujitolea kinachotoa heshima za mazishi. Wenzangu karibu wote ni wazee, wanaume, na mwanzoni kila tulipofika makaburini familia zilinidhania mke wa mmoja wao aliyekuja kusaidia chai. Nikishika bendera wanaelewa.

Niwaeleze mambo yanavyokwenda, kwa sababu hata wenyeji wengi wanayachanganya.

Serikali kuu ya Marekani ilianza kuwa na makaburi ya taifa mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge lilipompa Rais Abraham Lincoln mamlaka ya kununua viwanja vya kuzika askari. Leo Idara ya Maveterani inaendesha makaburi ya taifa zaidi ya 150. Arlington, ambayo kila mtu ameiona kwenye televisheni, haimo humo. Iko chini ya Jeshi lenyewe na masharti yake ya kuzikwa ardhini ni magumu mno. Askari wa kawaida kama mimi, aliyetumikia muhula wake akatoka salama, asiishi akiitegemea Arlington.

Tatizo la makaburi ya taifa ni hesabu. Ili serikali kuu ijenge makaburi mapya, kigezo chake kwa miaka mingi kimekuwa wanajeshi wa zamani 80,000 wasiofikiwa na huduma ndani ya zile maili 75. Kabla ya hapo kilikuwa 170,000. Mji mkubwa unaweza kufikisha idadi hiyo. Kaunti za mashamba hazitaifikisha kamwe, hata ukiziunganisha tano au sita. Na ni kaunti hizo hizo zilizotoa vijana wao kila palipoitwa watu.

Hapo ndipo jimbo linapoingia. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa ruzuku wa kuyasaidia majimbo kujenga makaburi yao wenyewe ya wanajeshi wa zamani. Mwanzoni serikali kuu na jimbo ziligawana gharama nusu kwa nusu, na majimbo mengi yakasita. Tangu sheria ya 1998, serikali kuu inaweza kulipa hadi asilimia 100 ya gharama za ujenzi, pamoja na mitambo ya kuanzia kazi. Baadaye, mwaka 2006, mataifa ya Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili wa nchi hii, nayo yaliruhusiwa kuomba. Sasa makaburi yaliyopata ruzuku hiyo yamepita 120. Minnesota wana ya kwao Little Falls, karibu na kambi ya Camp Ripley, kisha wakaongeza Preston na Duluth. Texas wana Killeen, Mission, Abilene na Corpus Christi.

Nilipolisikia hilo la asilimia 100 mara ya kwanza, niliona basi kazi imekwisha, kilichobaki ni kuomba. Sivyo. Ruzuku hainunui ardhi. Jimbo lazima lilete kiwanja chenye hati safi kwa jina lake. Pia lazima liwe na sheria inayoliruhusu kuanzisha na kuendesha makaburi hayo, na fedha za kuanzia usanifu, ambazo hurudishwa ruzuku ikipatikana. Kisha ujenzi ukiisha, mishahara ya wafanyakazi, nyasi, umeme, mafuta ya mashine, na matengenezo ya barabara ya ndani ni mzigo wa jimbo. Wa daima. Jimbo likichoka likaacha kuyaendesha kama makaburi ya wanajeshi wa zamani, serikali kuu ina haki kisheria ya kudai ruzuku yote irudishwe.

Wabunge wa jimbo wanaopinga mswada wetu wa kuanzisha makaburi hayo hushikilia hapo, na kwa kweli hawakosei kuuliza. Makaburi ni ahadi isiyo na tarehe ya kuisha. Shule unaweza kuifunga wanafunzi wakipungua. Hapa huwezi.

Jibu langu ni kwamba jimbo haliachwi mikono mitupu. Kwa kila mwanajeshi wa zamani anayezikwa pale, Idara ya Maveterani hulilipa jimbo posho ya kaburi, ambayo kwa sasa iko karibu dola 1,000 na hurekebishwa kila Oktoba kufuata gharama za maisha. Mwanajeshi mwenyewe hatozwi. Kwa mume au mke wake na watoto wanaomtegemea, jimbo linaruhusiwa kuweka ada, na mengi huweka. Ipo pia ruzuku ya kuinua, kunyoosha na kusafisha mawe ya makaburi yanapozama au kupinda. Kutosheleza kila kitu haitoshelezi. Lakini mbunge anayesema "tutalipa kila senti wenyewe" hajasoma karatasi, na tumekwenda kumsomea.

Kuna na foleni. Kila mwaka wa fedha, unaoanza Oktoba 1, Idara hupanga maombi kwa vipaumbele. Kundi la kwanza ni upanuzi wa makaburi yaliyopo yanayokaribia kujaa, ili yasifungwe. Makaburi mapya yako kundi la pili, na humo hupangwa kwa idadi ya wanajeshi wa zamani wasiofikiwa watakaohudumiwa. Ndiyo maana haraka yangu si ya kelele. Jimbo lisilo na sheria yake na ardhi yake mkononi linaweza kukaa chini ya orodha mwaka baada ya mwaka, na wazee tunaowapigania wanaondoka huku tukipanga mafaili.

Basi ardhi.

Shamba tulilooneshwa liko nje ya mji, limeinuka kidogo upande wa kaskazini, na kuna mstari wa miti mirefu uliopandwa zamani kuzuia upepo. Mwenyewe ni mkulima ambaye kaka yake aliuawa Vietnam. Anataka kutoa sehemu na kuuza sehemu kwa bei ya chini. Kila aliyefika pale alisema pazuri. Mimi pia nilisema. Lakini uzuri wa juu haukutosha. Ilibidi ardhi ichimbwe.

Walikuja wapimaji na tingatinga dogo mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikiyeyuka, na walichagua wakati huo makusudi kwa sababu ndipo maji ya chini yanapokuwa juu kabisa. Walichimba mashimo hapa na pale. Nilisimama kando ya mojawapo na kuangalia. Juu udongo mweusi wa rutuba, mzito, unaong'aa pale jino la tingatinga lilipopita. Chini yake rangi ikageuka kahawia, kisha ya kijivu yenye madoa ya kutu. Kijana mpimaji akanionesha madoa hayo kwa ncha ya kalamu: palipo na kutu namna ile, maji huwa yanapanda na kushuka. Aliweka ngazi, akashuka, akaponda bonge la udongo katikati ya vidole, akalinusa, akaandika. Halafu tukangoja. Kwenye mashimo ya upande wa juu chini palibaki pakavu. Kwenye shimo la upande wa bonde, baada ya muda, ukuta ulianza kutoa jasho, kisha kijimto chembamba kikashuka na kutulia chini.

Hilo lina maana kubwa. Makaburi mengi ya namna hii huzika watu wawili mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine, ili mume na mke walale kaburi moja. Maana yake unakwenda chini futi saba. Sehemu nyingi siku hizi huweka masanduku ya zege tangu mwanzo, yamepangwa kwa safu chini ya ardhi, yakafunikwa udongo na nyasi. Siku ya mazishi wanafungua lile moja tu. Kunaokoa nafasi na ardhi haizami. Lakini maji yakikaa pale hakuna mhandisi atakayekuambia endelea. Mpaka sasa upande wa juu umekubalika, upande wa bonde utaachwa kwa bwawa la maji ya mvua na barabara. Eka zimepungua. Zinatosha.

Kabla ya hapo yalifanyika pia yale ya mazingira na ya kale: kuhakikisha hakuna ardhi oevu inayolindwa, na kuuliza mataifa ya wenyeji wa asili kama pana makaburi yao au mabaki ya wazee wao. Nilifurahi kwamba hilo ni sharti la sheria. Itakuwa vibaya sana kuwatengenezea askari pa kulala kwa kufukua waliolala kabla yao.

Majirani wana hofu zao. Mmoja ana ng'ombe na anaogopa milio ya bunduki. Kwenye mazishi ya kijeshi, palipo na kikosi cha bunduki, hupigwa mikupuo mitatu hewani. Mwingine anasema ardhi ikiwa ya jimbo haitalipa tena kodi ya mali kwa kaunti, na kodi hiyo ndiyo inayolisha shule. Nimewasikiliza wote wawili kwenye mkutano na sikuona ubaya wao. Wa ng'ombe aliahidiwa kuoneshwa mahali banda la ibada litakapojengwa, ambalo kwa mchoro wa sasa liko ng'ambo ya kilima. Wa kodi hajajibiwa vizuri, na nadhani anastahili takwimu za maandishi kutoka kwa kaunti, asijibiwe kwa maneno ya uzalendo.

Hilo banda huwashangaza watu wetu. Hapa ibada haifanyikii juu ya kaburi. Familia hukusanyika kwenye kibanda cha wazi, ibada inachukua kama nusu saa, halafu jeneza hupelekwa na wafanyakazi. Waafrika wenzangu, tuliozoea kushika koleo na kurusha udongo wenyewe mpaka kilima cha kaburi kikae sawa, tunaona kama tumenyang'anywa kitu. Niseme wazi kwamba mimi sijalizoea, na kwenye maoni niliyoyaandika kwa wasanifu nimeomba familia inayotaka kusogea karibu na kurusha udongo wa kwanza iruhusiwe palipo salama. Makaburi yanapoanzishwa ndiyo wakati wa kuomba. Yakishafunguliwa, taratibu huwa mwamba.

Kwa sababu hiyo hiyo nilimsihi rafiki yangu mmoja, Mwislamu, mwanajeshi wa zamani wa majini, aje mkutanoni aulize swali la kibla. Mawe yenyewe hayana shida: Idara ya Maveterani inatoa alama za imani zaidi ya 70 za kuchongwa juu ya jiwe, na za Kiislamu zimo. Lakini upande ambao kaburi linaelekea huamuliwa na mstari wa safu, na safu huchorwa mara moja tu. Aliuliza. Msanifu aliandika, akasema katika eneo la juu kuna sehemu ambayo safu zinaweza kugeuzwa bila kupoteza nafasi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu, wa kikosi changu, ambaye wote tunamwita Sajenti, akamgeukia rafiki yangu akamwambia, "Umefanya vizuri kuuliza sasa."

Niwaeleze na lile jiwe. La kusimama ni marumaru nyeupe, urefu inchi 42, upana inchi 13, unene inchi 4, uzito kama ratili 230. Sehemu ya chini huzikwa, kwa hiyo unachokiona ni kama nusu yake na zaidi kidogo. Linatolewa bure na serikali kuu. Jenerali analala chini ya jiwe la ukubwa ule ule na kuruta. Jina la mwenzi wa ndoa, kwa kawaida, huchongwa nyuma. Nimewahi kusaidia siku ya kusafisha mawe: maji, brashi laini, hakuna sabuni kali wala brashi ya waya. Tulipomaliza safu, msimamizi alivuta uzi kutoka jiwe la kwanza hadi la mwisho, akapiga goti, akafumba jicho moja. Jiwe la katikati lilikuwa limeegemea mbele kidogo sana. Mimi sikuliona hata nilipooneshwa. Yeye aliliona. Walilichimbua pembeni, wakaongeza kokoto, wakalishindilia, akavuta uzi tena. Viwango vyao vinataka hivyo kwa kila kaburi, la aliyekufa juzi na la ambaye hana tena mtu wa kumtembelea.

Na heshima za mazishi. Sheria inayofanya kazi tangu 2000 inasema familia ikiomba, wapelekwe wanajeshi wasiopungua wawili waliovaa sare, angalau mmoja awe wa tawi alilotumikia marehemu. Watakunja bendera, wataikabidhi, na utapigwa wimbo wa Taps. Wapiga tarumbeta wa kweli hawatoshi nchi nzima, kwa hiyo mara nyingi tarumbeta inakuwa na kifaa ndani kinachotoa sauti iliyorekodiwa, askari akiishikilia mdomoni. Wengine hukasirika wakijua. Mimi nataka tu pasiwepo kimya pale palipotakiwa sauti.

Bendera ya mazishi ni futi tano kwa tisa na nusu. Tunaishika wawili, imekazwa kama ngozi ya ngoma, kwa sababu ikilegea kidogo tu mwishoni haikai. Tunakunja kwa urefu, mara ya pili tena, kisha mmoja anaanza pembetatu kutoka upande wa mistari kuelekea kwenye nyota. Mikunjo kumi na tatu. Kila mkunjo unaubana kwa ubavu wa kiganja. Mwishoni unachomeka ncha ndani, unakagua: lazima ionekane buluu na nyota peke yake, hakuna wekundu unaochungulia. Baadaye unapiga goti mbele ya mtu ambaye mara nyingi haoni chochote kwa machozi, na unasema maneno uliyofundishwa, polepole, ukimtazama usoni. Nimeona wana waliogombana miaka mingi na baba zao wakiipokea ile pembetatu na kuikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

Kinachonisumbua zaidi ni wale wasio na wa kupokea. Kuna shirika la kujitolea linaloitwa Missing in America Project ambalo watu wake huzunguka kwenye nyumba za maiti wakitafuta majivu ya wanajeshi wa zamani yaliyowekwa rafuni bila mtu kuyadai, mengine kwa miongo. Wanatafuta hati, wanathibitisha utumishi, wanayapeleka kuzikwa kwa heshima. Mwaka 2019 huko Killeen, Texas, ilitangazwa kwamba mwanajeshi wa zamani wa jeshi la anga angezikwa bila ndugu yeyote, na umati mkubwa wa watu wasiomjua ukajitokeza kwenye baridi ya Januari. Lakini ili hayo yafanyike lazima pawe na makaburi ya kuwapeleka. Kwetu, mwenye nyumba ya maiti mwenye huruma huwa anauliza, "Sasa niwapeleke wapi?" na jibu ni saa tatu barabarani, kwa gari na mafuta ya nani haijulikani.

Sasa nizungumze nasi wenyewe, watu wa ughaibuni.

Mmoja wetu akifariki huku, tunajua kinachofuata. Kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo, mweka hazina anachaguliwa, ukumbi wa kanisa unatafutwa, na maelfu ya dola yanachangwa kusafirisha mwili nyumbani. Nimechanga na nitachanga tena. Lakini mara kadhaa marehemu alikuwa mwanajeshi wa zamani mwenye haki ya kaburi, jiwe, bendera na matunzo ya daima bila malipo, na hakuna aliyejua. Watoto waliozaliwa huku wakabaki na kaburi lililo ng'ambo ya bahari, ambalo pengine watalizuru mara moja maishani.

Sisemi mtu asirudishwe kwao. Mama mkwe wangu tumelizungumza hili kwa simu, na kwa heshima zote alinieleza msimamo wake: "Mwanangu, mke wa mtu hulala bomani kwa mumewe. Nikifa mimi, nani atawaonesha wajukuu pako?" Nilimjibu, "Mama, wajukuu wako wako huku. Ndio ninaowafikiria." Alinyamaza kidogo, akauliza kama mwanawe naye ataruhusiwa kulala hapo nami, au ni pa askari tu. Nikamwambia ndiyo, kaburi moja, jina lake nyuma ya jiwe langu. Akasema tuombe Mungu atupe maisha marefu, na mazungumzo hayo yangali wazi. Mume wangu anamsikiliza mama yake na ananisikiliza mimi, na sitamharakisha.

Ninachotaka ni uchaguzi uwepo. Leo kwa sisi wa kaunti hizi haupo. Ni nyumbani mbali au makaburi mbali.

Kwa hiyo kwa mwanajeshi wa zamani yeyote anayenisoma, jimbo lolote: tafuta DD-214 yako leo, weka nakala mahali ambapo mwenzi wako anapajua. Usiifiche na vyeti vya shule. Wapo waliotupa haki hii kwa sababu tu karatasi haikuonekana wiki ya msiba. Tangu Desemba 2016 unaweza pia kuomba uthibitisho mapema kwamba unastahili kuzikwa kwenye makaburi ya taifa, ungali hai na mzima, kwa fomu namba 40-10007. Haikuhifadhii kaburi maalumu, lakini inaiondolea familia shaka. Kigezo kikuu ni kuachishwa utumishi kusiko kwa fedheha. Na aliyejiandikisha baada ya Septemba 7, 1980 kwa kawaida awe ametimiza miezi 24 mfululizo au kipindi alichoitiwa. Uraia si sharti. Waliotumikia wakiwa na green card wamo. Kwa makaburi ya majimbo uliza kwanza kuhusu ukaazi, maana baadhi ya majimbo hutaka uwe mkaazi wao. Na elewa kisicholipwa: jeneza, nyumba ya maiti, na usafiri wa mwili kwa kawaida ni juu yenu. Hapo ndipo mchango wa kundi unaweza kufanya kazi nzuri sana.

Kwa wa kaunti yetu na jirani: mswada uko kwenye kamati ya fedha ya baraza la jimbo, na makamishna wa kaunti wanajadili barabara ya kuingilia shambani mwezi ujao. Swali la barabara linaweza kuua mradi mzima, kwa sababu daraja dogo la pale halijapimwa kwa uzito wa malori ya zege. Njooni. Huhitaji kuwa umevaa sare. Wake, waume, wajane, na watoto ndio makamishna hawajawasikia bado. Mnapewa dakika tatu kila mmoja kwenye maikrofoni. Ambaye Kiingereza kinamkwama mbele ya watu, aseme kwa Kiswahili. Nimeshaomba, wamekubali nitafsiri, na muda wa tafsiri hautahesabiwa kwenye dakika zake.